Santuri Iliyomtaja Mama Mkwe

Melkiadi Ndihokubwayo wa Makere alikuwa mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Nimepakana uzio na mkewe, Epifania, miaka mingi, na sijapata kumsikia mwanamume yule akibishana. Ndiyo maana mwaka 1976 alipoanza kukosa usingizi kwa ajili ya santuri, tulidhani ana minyoo.

Santuri hiyo Abdulrahmani, mwenye duka pale Kasulu mjini, aliletewa na nduguye wa Dar es Salaam. Ilikuwa na nyimbo walizorekodi Wazungu waliopita Kibondo na mashine zao mwaka hamsini na tano. Walizisahau huko kwao, sasa wamezitoa upya. Abdulrahmani aliipiga kutwa, watu wakajaa dukani, wengi bila kununua hata kiberiti. Wimbo wa tatu ulikuwa wa inanga, ule ubao wa nyuzi tunaoupiga huku kwetu. Kwenye jalada waliandika: mpigaji hajulikani.

Mpigaji alikuwa Melkiadi. Alimnong'oneza Epifania, Epifania akaninong'oneza mimi, nami kwa mara ya kwanza maishani nikanyamaza, maana jambo lilikuwa zito. Enzi zile, kabla hajaoa, alikunywa pombe ya ndizi kwa mama mmoja wa Nyakitonto, akaona ni maji matupu. Mbele ya mashine ya Wazungu akamwimba kwa jina: Uwimana, pombe yako chura angeogelea humo. Miaka miwili baadaye akaoa binti wa Uwimana huyo huyo. Na kwetu mwanamume hataji jina la mama mkwe, hata akiulizwa barazani.

"Waambie ni wewe, wakuandike," nilimwambia.

"Dada, watamchukua mke wangu."

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza nitakufa sijulikani."

Alipokuwa bado anajikuna kichwa, Bazilio wa Kibondo, ambaye inanga yake hulia kama mlango wa choo, akajitangaza kuwa ndiye. Alikaa wiki nzima kwenye kiti cha dukani, akinyweshwa chai na maandazi. Abdulrahmani akaahidi kwamba Jumamosi atawaandikia barua waliotoa santuri, awape jina.

Jumamosi hiyo mama Uwimana akafika, fimbo mkono mmoja, jogoo wa kuuza mkono wa pili. Alikuwa amesikia kwamba yumo ndani ya mashine. Akakaa juu ya gunia la chumvi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Rudia," akasema. Abdulrahmani akarudisha sindano.

"Nani kaimba?"

Bazilio alishafika mlangoni. Wakamrudisha kwa kola.

"Mama, nilikuwa mtoto tu."

"Njoo hapa. Nimezaa tisa, nimelima mpaka mgongo umepinda, hajatokea wa kuniimba. Hata kwenye arusi yangu walimwimba shangazi." Akampa jogoo.

Melkiadi alikuwa nyuma ya kanga za kuuza. Ungeweza kumnyang'anya shamba asiseme neno, lakini jogoo yule alimshinda.

"Mabukwe," akasema, ndivyo tunavyomwita mama mkwe, macho chini, "huyo hata kukaza nyuzi hajui. Ni mimi."

Bibi akajifunika kanga usoni, kama inavyompasa mbele ya mkwe, akasemea humo humo.

"Wewe ndiye uliyenitaja?"

"Ndiyo, mabukwe."

"Mara ngapi?"

"Sita."

"Nimehesabu saba."

Ikabidi santuri irudiwe. Zilikuwa saba.

"Kwa mtu baki ni sifa," akasema bibi, "kwa mkwe ni faini ya mbuzi. Na pombe ile sikuitia maji. Mvua ilinyesha." Akanyoosha mkono nje ya kanga, akamchukua jogoo wake kwa Bazilio.

Tulidhani Melkiadi atakimbilia mbuzi. Hakutoka. Alisimama kaunta mpaka Abdulrahmani alipoandika kwenye barua: Melkiadi Ndihokubwayo, Makere. Akataka asomewe. Akasomewa. Akataka tena, kwa sauti, ili na wauza nyanya wa sokoni nje wasikie.

Kisha akaenda Makere kumfungua mbuzi, akarudi naye akipita katikati ya soko, ingawa njia ya mkato ilikuwepo. Kila aliyeuliza alijibiwa kirefu. Epifania alimfuata nyuma, mdomo ameuvuta. Mbuzi alikuwa wa Epifania.