Mzungu Alipewa Swala, Mimi Nikapewa Fisi

Hiyo siku bado naiona vizuri, mwanangu, ingawa macho yangu sasa yanataka miwani hata ya kutafuta miwani. Acha nikuambie, kwa sababu nimesikia unataka kutoa jina langu kwa kitambulisho chako. Ati ukipita huko chuoni wenzako wanalia kama fisi.

Nilikuwa kijana, nafungua geti kwa ranchi moja huku Lukenya. Mimi na shule tulikuwa tumeachana darasa la sita, bila ugomvi. Siku hiyo meneja alikuwa anaonyesha wageni wanyama, na mimi na mpishi tumekaa nyuma ya gari.

"Huyu ni swala granti," meneja akasema. "Yule mdogo ni tomi."

Nikauliza, "Granti ni nini?"

"Ni mzungu wa zamani. Alipita pande hizi za Afrika akitafuta mto mkubwa unaanzia wapi, akaandika habari ya wanyama, swala akapewa jina lake. Tomi pia ni hivyo hivyo."

Mpishi akanigeukia. "Umeona? Mzungu anapita tu, anapewa swala. Wewe umezaliwa hapa, ukapewa fisi!"

Maana mimi ni Mbiti, na mbiti kwa Kikamba ni fisi. Gari yote ilicheka. Hata mimi nilicheka, lakini iliniuma. Jioni nikatangazia wafanyakazi: kuanzia leo mimi ni Granti. Na kidole kimetoka nje ya kiatu!

Nikafika nyumbani na ukubwa wangu. Mama akaniita kutoka jikoni. "Mbiti! Kuja ukule!" Nikanyamaza. Akaita tena, na mimi njaa inaniua, nikanyamaza. Akaita tena, sauti ikatetemeka. Akatoka mbio na mwiko mkononi, akaniona nimekaa tu hapo kwa kiti. Akashika ukuta, akapumua. Akarudi ndani.

Ni susu, nyanya yangu, alikuja kukaa karibu na mimi.

"Mama yako alizika watoto wawili kabla yako. Wewe ukizaliwa tulikuweka chini kwa njia, kama tumekutupa, tukasema huyu si mtoto, ni fisi tu. Ndio kifo kikuone bure, kipite. Mpaka leo akikuita, anasikiza kama bado uko. Na wewe unamnyamazia?"

Nikaenda mpaka mlango wa jikoni, nikamwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, niko."

"Ni nani?" Hakugeuka.

"Ni Mbiti, mama."

Akanipakulia sahani ikajaa mpaka ikamwagika.

Mwanangu, sikukatazi. Lakini kabla uende huko kwa ofisi, jua hivi: yule swala ukimuita Granti mchana wote, hata sikio hageuzi. Hilo ni jina la mtu alipita. Lako lilitoka kwa watu walibaki hapa, wakiomba mtoto aishi. Wakicheka, cheka nao. Lakini ukiitwa, itika.

Haya, lete mikono nikutemee mate ya baraka. Yakizidi nisamehe, meno ya kuyazuia yamebaki machache. Mungu akuweke. Uzeeke kama mimi, na kwa boma yako, kila mtu akiitwa, aitike.