Shemeji wa Kila Majeruhi

Tabibu wa helikopta yetu alimwita kila majeruhi shemeji, hata wa upande wa adui. Kucha alizikata mpaka karibu na nyama, na kabla ya kumgusa mtu alisugua viganja mapajani vipate joto. Na kelele za injini hakushindana, aliinama, akaweka mdomo sikioni: "Shemeji, usilale, dada yangu atanimaliza." Nimeona watu waliopasuka tumbo wakitabasamu.

Mimi kazi yangu ilikuwa mlangoni. Mchana ule tulitua kwenye uwanja wa shule, risasi zikitoboa mabati ya madarasa. Tulipakia sita. Wa saba, askari aliyekatika mshipa wa paja, alikuwa bado nyasini. Rubani akafoka, "Uzito umezidi! Tukimbeba huyo haturuki!" Tabibu hakubisha. Tulimwingiza askari, tabibu akashika kidole gumba changu na kukikandamiza kwenye kinena cha askari. "Bonyeza hapa. Usiachie hata akikutukana." Kisha akaruka chini, akakimbilia ukuta wa darasa, huku akitupungia mkono tuondoke.

Tulirudi baada ya dakika ishirini na tano. Ukuta ulikuwa umeanguka, naye yuko chini yake, hana pumzi. Askari yule alipona. Mimi ndiye niliyetumwa kwa mama yake tabibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Mlimshusha?"

"Hapana, mama. Alishuka mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Basi huyo ni mwanangu," akasema.