Vihoteli vya Bulla Pesa na Uteo wa Mama

Enzi zetu mtoto wa Isiolo hakuulizwa anapenda chakula gani. Aliulizwa ametoka kula kwa nani, na swali hilo liliulizwa na mama aliyeshika mwiko. Wenzangu mliokulia mtaa wa Bulla Pesa mnanielewa. Ungeweza kunawa mpaka viwiko na kusukutua mdomo mara tatu, lakini harufu ya samli na iliki ilibaki kwenye nguo ikikusema. Mimi nilisemwa sana.

Sisi ni Wameru. Baba alikuwa karani wa serikali, akahamishiwa Isiolo kabla sijazaliwa, nasi tukapanga vyumba viwili katika ploti yenye ua mmoja na bomba moja. Mama aliteremka naye kutoka milimani, kwenye boma la wakulima wa kahawa, akiwa na sufuria zake na uteo mpana aliopewa na mama yake siku ya harusi. Alikuwa mtu wa kanisa, mpole kwa majirani wote, ila chakula cha hoteli hakukionea huruma hata kidogo. "Chakula iko nyumbani," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Maziwa ya ngamia hakutaka hata yatajwe mbele yake. Aliamini kabisa kwamba mtoto wa Kimeru akiyanywa atalala wiki nzima kitandani.

Baba alimwitikia kwa upole, halafu Jumamosi asubuhi akavaa kofia yake na kusema, "Kendi, twende tukashonewe viatu." Viatu vyangu vilishonwa Jumamosi zote za utoto wangu. Mama lazima alishangaa ni viatu gani hivyo vinavyochakaa kila wiki, lakini hakuuliza.

Tulianzia kwa Abdi, Msomali mrefu aliyekuwa na meza nne na feni moja isiyozunguka. Huko tulikula anjera na maini, ile anjera laini yenye vitobo vinavyofyonza mchuzi. Siku tukila wali wa nyama ya mbuzi, Abdi aliweka ndizi mbivu kando ya sahani. Mara ya kwanza niliitunza ndizi yangu niile mwisho, na watu wa meza ya jirani wakacheka, kwa kuwa kumbe unaila pamoja na wali, tonge moja na kipande kimoja. Mpaka leo wali usio na ndizi naona kama umesahauliwa kumalizwa.

Karibu na soko la mifugo kulikuwa na Mama Ekai, mama wa Kiturkana aliyepika supu ya kichwa cha mbuzi chini ya turubai. Huyo aliimba kwaya moja na Mama, na kila Jumapili walisalimiana kwa furaha huku mimi nikiomba Mungu asitaje kwamba jana nilimaliza bakuli mbili. Hakutaja kamwe. Kulikuwa pia na hoteli ya mtu wa kwetu aliyeuza mukimo, lakini Baba hakuipenda. Alisema hawezi kuvaa kofia na kutembea juani ili akale kitu kinachomngoja nyumbani.

Kwa vitamu tulikwenda kwa mzee mmoja wa ndevu za hina aliyeuza halwa na kaimati. Halwa ilifungwa kwenye karatasi, na mafuta yakapenya mpaka yakakutia alama mfukoni. Kaimati zilikuwa duara, zimeogeshwa sukari ya maji, na sanaa yake ilikuwa kuiweka mdomoni nzima bila kuitafuna, usubiri ipasuke yenyewe. Mwezi wa Ramadhani sisi watoto wa Kikristo hatukufunga, lakini jua likizama tulijikuta tunapita kwa bahati tu karibu na milango ya majirani Waislamu, na hakuna aliyewahi kutuacha tupite mikono mitupu. Sambusa za siku zile sijui niwashukuru akina nani, walikuwa wengi mno.

Lakini mwisho wa kila Jumamosi ulikuwa kwa Mama Tume. Alikuwa mama wa Kiborana, mnene, mwenye sauti ya kuita mbuzi, na hoteli yake ilikuwa ya mabati matupu. Chai yake ilikuwa ya maziwa ya ngamia yaliyokaa kwenye chombo kilichofukizwa moshi, na moshi huo uliusikia kooni kabla ya sukari. Nilikunywa chai hiyo kila wiki na sikulala kitandani mgonjwa hata siku moja.

Baba alikuwa na hukumu mbili tu. Akimaliza kula alifuta mdomo kwa leso, akaangalia kikombe, akasema "Tutarudi" au "Tumeona." Basi. Wenye hoteli walizijua hukumu hizo, na Abdi alisimama mlangoni kuisikia yake. Mahali palipoambiwa "Tumeona" hatukukanyaga tena. Kwa Mama Tume sikumbuki neno lingine zaidi ya "Tutarudi."

Nikiwa darasa la nne Baba aliugua. Ilikuwa homa ya matumbo, akalazwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani na mfuko wa vidonge. Daktari alimwambia Mama waziwazi kwamba vidonge bila chakula havitamfikisha mbali, na asipokula atarudi wodini, na safari hiyo hali itakuwa ngumu. Baba hakula. Mama alipika uji, akapika viazi, akachinja hata kuku wake wa mayai. Baba alionja kijiko kimoja na kugeuza uso. Kola ya shati lake ikawa pana mpaka ungeweza kupitisha ngumi. Wiki ya pili nilimwona Mama jikoni ameegemea ukuta, sahani imejaa mkononi, analia bila sauti. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na kwa woga huo nikamwambia kila kitu. Abdi, Mama Ekai, kaimati, mpaka chai ya Mama Tume, ila maziwa yake sikuyataja.

Nilingoja kofi. Mama alifuta macho, akafunga kitambaa kichwani, akaniambia, "Nionyeshe njia." Mama yangu aliingia hotelini kwa mara ya kwanza maishani mwake saa ya chakula cha mchana, watu wamejaa, amesimama wima kama yuko mbele ya madhabahu. Mama Tume alisikiliza habari ya Baba huku akimimina chai za wateja. Hakutoa chai. Aliingia nyuma, akakaa kidogo, akarudi na bakuli lililofunikwa.

"Mpatie baba Kendi," alisema. "Kwetu mgonjwa tunampea hii. Kesho nakuja kumwona." Akaitwa na wateja, akaenda.

Tulipofika nyumbani Mama alifunua bakuli. Ndani mlikuwa na samli, na ndani ya samli mlikuwa na buni nzima za kahawa, zikiwa na maganda yake. Sasa muelewe Mama alitoka wapi. Alizaliwa kwenye kahawa. Kwao kahawa ilichumwa, ikapelekwa kiwandani, na haikuliwa na mtu yeyote. Hata kuinywa hawakuinywa, walikunywa chai. Ile iliyokauka na ganda lake ndiyo iliyokataliwa na kiwanda, ikaanikwa nyumbani ikauzwe baadaye kama takataka. Alilitazama bakuli lile muda mrefu, halafu akaamua kwamba Mama Tume, kwa haraka za wateja, ameangusha buni zake ndani ya samli bila kujua. Maskini, akasema, na itakuwa anazitafuta.

Basi akachuja samli akaiweka kando. Buni akazitia kwenye karai, akaziosha kwa maji moto na sabuni ya kipande, akazisuuza mara mbili, akazimwaga kwenye uteo wake wa harusi na kuzianika uani, zimesambazwa vizuri kwa kiganja kama alivyofundishwa na mama yake. Jioni akaziingiza ndani zisipate umande. Asubuhi akazitoa tena.

Mama Tume alikuja karibu saa nne. Baba alikuwa ameketi mlangoni akiota jua, blanketi mabegani.

"Salaam aleikum, mama Kendi."

"Habari yako, mama Tume. Karibu."

Mama Tume akaona uteo. Akasimama. "Hii ni nini?"

"Ni buni zako," Mama akasema kwa fahari kidogo. "Zilikuwa zimeanguka kwa samli. Nimeziosha na sabuni, zikikauka nakurudishia."

"Umeosha na sabuni."

"Na maji moto."

Mama Tume aliinama, akaokota buni moja, akainusa, akairudisha. "Mama Kendi," alisema polepole, "hii si ya kuanika. Hii ni ya kukula! Tumeitilia samli, tumeiombea, ni baraka ya mgonjwa hii!"

"Kukula? Kahawa? Na ganda yake?"

Ndipo tukasikia sauti kutoka mlangoni. Mwanzoni nilidhani Baba anakohoa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka blanketi likaanguka, machozi yakimtoka, akimwonyesha Mama kwa kidole bila kuweza kusema. Mama Tume akashika kiuno, akashindwa kujizuia, akacheka pia. Mama alisimama katikati yao, uso umemwiva kwa aibu, halafu nikaona mabega yake yanatikisika. Tulikuwa hatujacheka katika nyumba ile kwa wiki mbili.

"Nasikia njaa," Baba akasema alipopata pumzi. "Lakini nipikieni isiyo na povu."

Mama Tume aliagiza buni nyingine kutoka nyumbani kwake, akafunga leso kiunoni na kuingia jikoni kwa Mama, mahali ambapo hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kugusa mwiko. Alimwonyesha namna ya kung'ata ncha ya kila buni ili samli iingie ndani. Wakaketi magoti kwa magoti, Mborana na Mmeru, wanang'ata na kutema. Buni zikakaangwa zikapasuka, maziwa yakamiminwa juu. Mama Tume akaomba kwa Kiborana, na neno nililolishika ni nagaa, yaani amani, alilolirudia mara nyingi. Alipomaliza, Mama naye akafumba macho akaomba ya kwake, ndefu kama kawaida yake, na Mama Tume akamngoja mpaka Amina. Akampaka Baba samli kwenye paji la uso, akanipaka mimi, kisha akamgeukia Mama. Mama alisita. Halafu akainamisha kichwa.

Baba alitafuna buni tatu, akamaliza maziwa, akaangalia ndani ya kikombe. "Tutarudi," akasema.

Sisemi buni ndizo zilizomponya, vidonge vilifanya kazi yake. Ila tangu siku hiyo vilipata chakula cha kukutana nacho tumboni. Na tangu siku hiyo Jumamosi zetu zikawa za watu watatu. Mama alikosoa kila hoteli kwa neno moja, "Chumvi," na akamaliza kila sahani. Chai ya Mama Tume aliisifu sana. Hakuuliza ni maziwa gani, na hakuna aliyemwambia.

Siku hizi binti yangu Makena akitaka kula anabonyeza simu. Chakula kinaletwa na pikipiki, kinapigwa picha kutoka pande nne, kinapewa nyota tano kabla hakijaonjwa, na mimi nakaa pale nikingoja ruhusa ya kushika kijiko. Simlaumu, kuku wao ni mtamu. Ila sijui nani angeletewa na simu ile kitu ambacho hakukiagiza, kwa sababu tu aliyepika amesikia kuna mgonjwa.

Baba alituacha, baada ya Jumamosi nyingi nzuri. Mama Tume pia ametangulia, na hoteli anayo mwanawe, Tume mwenyewe, imewekwa vigae na televisheni. Mama ninaishi naye, amepita miaka themanini, na mwezi uliopita alianza kusukuma sahani. Uji hapana, viazi hapana. Siku ya nne nilifunga kitambaa kichwani na kwenda kwa Tume, saa ya mchana, watu wamejaa. Sikumaliza hata kueleza. Aliingia nyuma, akarudi na bakuli lililofunikwa.

Mama haoni vizuri tena. Alipapasa bakuli kwa vidole, akanusa. "Kendi," akaniambia, "lete uteo."

Nilishtuka, nikadhani amepotewa na akili, mpaka nilipoona mabega yake yanatikisika. Nilimpaka samli kwenye paji la uso, nikaomba kwa ufupi. Alitafuna buni moja, polepole, kwa meno yaliyobaki. Akainua kikombe cha maziwa, akakimaliza, akakiangalia ndani kana kwamba anaona.

"Tutarudi," akasema.