Viatu Vinne vya Lulu

Nimekosa, na sitajificha nyuma ya umri wangu. Kabla sijaeleza, nitenganishe niliyoyaona kwa macho yangu na niliyosimuliwa. Tangu enzi zangu za ualimu hadi leo, nikiwa dereva wa familia moja hapa Al Thumama, katika nchi ya Waarabu, nimeyaheshimu ya kwanza na kuyadharau ya pili. Dharau hiyo ndiyo iliyoniponza.

Msimu wa baridi familia hii hupiga kambi jangwani. Mimi huendesha gari na kuzima moto. Nakato, msichana wa Kiganda, alikuwa mpishi na mtunzaji wa Lulu, mbwa wao mwembamba wa kuwinda. Safari hii alimshonea Lulu viatu vinne kutoka kwenye mkoba mkuukuu wa ngozi.

"Vya nini?" nikamwuliza.

"Makaa, Mzee. Watu wanafukia na mchanga, juu panapoa, chini bado moto. Mbwa wa kambi ile ya pili aliungua mwaka jana."

"Ulimwona?"

"Nilisikia."

"Basi ni porojo."

Akacheka. "Wewe Mzee, hata mvua ikinyesha utataka ilete barua yenye muhuri!"

Kicheko kile kilinichoma. Asubuhi, alipokuwa akiosha vyombo, nikamvua Lulu viatu na kuvitia mfukoni. Nilitaka kumwonyesha binti huyu kwamba anaamini upuuzi! Na moto wa jana yake nilikuwa nimeufukia mimi mwenyewe, kwa mchanga, nikiona uchoyo kumwaga maji jangwani.

Lulu alikimbia akapita pale pale. Ee Mola, mlio ule! Ngozi ya nyayo zake mbili za mbele ilibambuka.

Madam, mama wa familia, alitoka hemani mbio. "Nani kamwacha bila viatu?"

"Nilimvalisha, Madam, naapa!"

"Viko wapi?"

Nakato akaanza kuvitafuta mchangani. Jibu lilikuwa mfukoni mwangu, nami nikanyamaza. Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo!

Siku ya tatu Nakato alifukuzwa kazi, nami nikaamriwa nimpeleke uwanja wa ndege. Nilipokuwa nikimteremshia begi, akaniuliza taratibu:

"Mzee, wewe unaniamini? Nilimvalisha."

"Sikuona," nikamjibu.

Aibu gani hii! Kanuni yangu ya maisha nikaifanya kichaka cha uongo.

Nasikia Lulu ataweza kukimbia tena. Nasikia Nakato hajapata kazi huko kwao. Hayo siwezi kuyathibitisha.

Ninyi mnaopiga kambi, zimeni makaa kwa maji hadi muweze kuyagusa majivu kwa mkono. Na ninyi mnaojisifu kwamba hamwamini la kuambiwa, mlioliona lisemeni, hata likiwafedhehesha!

Ninachokijua kwa hakika ni hiki: Nakato alichukua begi lake, akaingia mlangoni bila kugeuka, na viatu vyote vinne vilikuwa ndani ya koti nililovaa.