Kikomo cha Betri

Kazini walimwita Mama Betri, na jina lilimkaa. Alikuwa akiigawia setilaiti umeme wake: saa ngapi kamera ipige picha, saa ngapi redio isikilize miito ya watu waliokwama pasipo na mtandao, saa ngapi vyote vipumzike ili betri ijazwe na jua. Mipango ya namna hiyo ni mingi mno kwa kichwa cha mtu, kwa hiyo aliandika programu ya kuipima yote na kuchagua ulio bora. Tabia yake aliijua. Ina ulafi, ukiiruhusu kitu inakimaliza chote. Ndiyo maana aliiwekea kikomo: betri isishuke chini ya nusu, iwe iwavyo, maana ikishuka zaidi huchakaa upesi. Anayetaka kukigusa awaambie wenzake wote kwanza.

Aliyesimamia kamera alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mama Betri ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, tena akamfundisha programu hatua kwa hatua. Watoto wao hawakujua nyumba ipi ni ya nani.

Betri ilipoanza kuchoka kabla ya wakati wake, Mama Betri alijilaumu. Alirudia hesabu mpaka macho yakamuuma. Bosi alimsema mbele za watu, naye akaenda kulia begani kwa rafiki yake.

"Usijitese, dada," akabembelezwa. "Vitu vya angani havina dhamana."

Asubuhi moja aliitaka programu impe mpango wa kesho. Ikampangia kamera iwake setilaiti ikiwa kivulini mwa dunia, jua hakuna, betri tayari iko nusu. Kwa kikomo chake, jambo hilo haliwezekani katu. Akageuka.

"Nani kashusha kikomo?"

Chumba kizima kikainamia kompyuta. Kumbe wote walijua! Yeye peke yake ndiye waliyemfanya mjinga.

"Mimi," rafiki yake alisema. "Bosi alitaka picha nyingi. Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Na mimi nikakulilia wewe!"

Hiyo ndiyo iliyomchoma, kuliko hata betri. Alikirudisha kikomo, akaiagiza programu itafute upya. Lakini betri ilikwisha kuchakaa, haikumudu tena mizigo yote. Mpango uliobaki ni mmoja tu: redio iendelee, kamera izimwe moja kwa moja.

Rafiki yake aliusoma kwenye kioo cha kompyuta.

"Dada, kamera ndiyo kazi yangu. Watanifukuza. Shusha kidogo tu."

"Nikishusha, redio nayo itakufa. Wanaoomba msaada watamwita nani?"

Angeambiwa mapema, angemtafutia njia. Wakati ule hesabu zilikuwa na nafasi. Akautuma mpango.

"Dada," rafiki yake aliita. Kisha akaita tena, taratibu.

Mama Betri alimsikia vizuri. Hakuitika.