Yeriko ya Kaptembwo

Hapana, haukuanguka. Najua hiyo ndiyo unataka kuniuliza, mwanangu, nimeona mdomo ukijipanga. Huo ukuta uko Kaptembwo, Nakuru, mpaka wa leo, umeegemea kidogo kama mlevi anayengojea rafiki. Kilichotumaliza ni maneno ya mama mmoja, na hayo nitakuambia mwisho, kwa sababu nikishayasema huwa sina kitu ingine ya kuongeza.

Ilikuwa elfu mbili na saba, mwaka wa kura, na mimi bado nilikuwa na magoti. Nilikuwa nauza mboga, na Jumapili tunaomba kwa kanisa ya mabati. Mvua ikinyesha hatumsikii pasta, pasta akianza hatusikii mvua. Tulikuwa tumebanana, hata ukipiga makofi unapiga mwenzako. Na pale jirani kulikuwa na ploti kubwa yenye ukuta wa zamani, nyumba moja ndani, na ndani ya nyumba mjane Mwislamu, watu wake walitoka pwani kitambo. Pasta akaipenda hiyo ploti.

Jumapili moja tukitoka ibada, mtu akauliza kwani yule mama hawezi kutuuzia. Mimi na huu mdomo wangu nikapanda juu ya kiti. Nilikuwa nimemsikia akinunua mboga kwangu, hiyo sauti yake ya kuvuta pole pole. Nikajifunga leso kichwani, nikainua kidevu: "Niuze nyumba ya marehemu mume wangu? Niwauzie hawa wapiga makelele? Siuzi ng'o! Nipisheni!" Wacha watu wacheke. Hata wazee wa kanisa walishika matumbo, pasta alikuwa ameshaenda.

Jumapili iliyofuata, pasta yuko juu kwa maiki, mishipa ya shingo imesimama: "Wapendwaaa! Yule mama ametukataa! Amesema ng'o! Ametuita wapiga makelele! Nawaambia hiyo ni Yeriko yetu, na tutaizunguka siku saba mpaka ukuta wake uanguke, kama ule wa Maandiko!"

Nikageuka nyuma nione nani amesema hayo. Kumbe ni mimi. Mchezo wangu umetembea wiki moja, ukarudi kama habari ya kweli. Ningesimama niseme, "Pasta, hiyo nilikuwa nacheza tu." Sikusimama. Watu walikuwa wamewaka, na mimi napenda kupendwa.

Lakini hiyo jina Yeriko ilinikalia kichwani. Mimi sikuenda shule, mwanangu, kitabu kwangu ni kama mlango wa wenyewe. Nikamwambia binti yangu Nyokabi, alikuwa form two, anisomee Biblia nikichambua mboga. Unamjua vile anasomanga, kama mtu anayelazimishwa kumeza dawa: "Na mji ukafungwa, hakuna wa kutoka, hakuna wa kuingia."

"Sasa maji walikuwa wanachota wapi?" nikauliza.

"Mathe, haijaandikwa."

"Na watoto waliambiwa nini, wakisikia hiyo miguu inazunguka?"

"Mathe! Haijaandikwa!"

Lakini akaniambia kitu. Mwalimu wao alisema Yeriko ni kati ya miji ya kwanza kabisa duniani, watu walikaa pale sababu ya chemchemi na mitende, miaka na miaka kabla ya hao waliouzunguka na tarumbeta kuzaliwa. Nikaacha mboga. Yaani hiyo ilikuwa nyumbani kwa watu kabla mtu yeyote hajaiita kizuizi chake? Nikaenda kumuuliza pasta. Akanishika bega: "Mama, Yeriko ni mfano. Ni kitu chochote kimefungwa mbele yako. Usiingie ndani sana." Na mimi nilikuwa nishaingia, mwanangu, nimeketi, naangalia sufuria za wenyewe.

Nyokabi akafungua tena, kule mbele kabisa kwa Yesu. Anaingia mji, anamwona mtu mfupi juu ya mti, anamwambia shuka, leo nakaa kwako. "Ni mji gani huo?" nikauliza. "Ni Yeriko." "Yeriko ile?" "Ile ile, mathe." Nashangaa mpaka leo. Huyu hakuzunguka. Alijialika chakula.

Unadhani hiyo ilinizuia? Nilizunguka siku sita na kayamba yangu. Kila tukifika nyuma ya ukuta, watu: "Mama Nyokabi, fanya ile sauti!" Nafanya. Wanaongezeka. Siku ya saba walikuja vijana sijawahi kuona kanisani, nyimbo hawajui, na mmoja amebeba mtaimbo. "Pasta, si tumsaidie Mungu kidogo?" Pasta akacheka, lakini hakusema hapana. Na nyumba ya yule mama imeshikana na huo ukuta. Ukisukumwa, unamwangukia akiwa ndani. Mtaimbo ukagonga mara ya kwanza, vumbi ikatoka. Kayamba ilikuwa mkononi mwangu, na mimi, mwanangu, nikaendelea kuitikisa.

Januari iliyofuata, baada ya kura, Nakuru nyumba zilizungukwa na watu wasioimba. Hiyo unaijua, sitaki kuirudia. Mimi kila nikisikia miguu mingi nje, nilikuwa nakumbuka kayamba yangu.

Basi nakupatia nasaha hapa, kabla sijafika mwisho. Ukiigiza sauti ya mtu, mpatie maneno yake, usimpatie yako. Ukisikia pahali panaitwa Yeriko, hata kama ni Maandiko yanasemwa, uliza ndani kunakaa nani na jioni wanapika nini. Na ukijua uongo ni wako, sema mapema, hata kama watu bado wanacheka. Mungu akupe mlango unaofunguka, akupe majirani wanaokujua kwa jina, na miguu yako ikifika kwa mtu isimtishe.

Sasa ule mwisho. Mtaimbo ukiinuliwa mara ya pili, yule mama akatoka nje, ana unga mikononi. Pasta akamwambia kwa maiki, "Mama, ulitukataa!" Akatuangalia mmoja mmoja, akanifikia, akasema na hiyo sauti yake, pole pole:

"Nimemkataa nani? Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kupiga hodi hapa."