Tonto Anataka Kujua Nani Alimkataa Kwenye Mashini

Admin, ficha jina langu na la bwana yangu, huku Kamina tunajuana sana. Miye ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, niko na watoto wawili, tunaishi kwa mama mukwe kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Bwana yangu ni fundi wa reli. Kazi hiyo alitafutiwa na tonto wake, kaka ya mama mukwe, mkubwa wa familia, ambaye sasa anagombea kiti katika baraza la komini, serikali ya hapa kwetu.

Nilichukuliwa kazi ya kuwafundisha watu mashini ya kupigia kura kabla ya uchaguzi. Siku ya majaribio tulikuwa katika ukumbi wa parokia. Mashini ilitakiwa kuwa na picha za watu wa kubuni, lakini mkubwa wetu wa kazi aliweka za wagombea wenyewe, eti watu wazoee. Miye nilisimama kando kuwasaidia wazee na wasiojua kusoma, kwa hiyo niliona walichogusa.

Mama mukwe alipofika, mkono wake ulikuwa unatetemeka, nikaushika ili aguse vizuri. Akaipita picha ya kaka yake, akagusa ya mwalimu mmoja anayeshindana naye. Nilidhani haoni. Nikamnong'oneza, "Mama, huyu si tonto."

Akanijibu polepole, "Niko naona muzuri."

Karatasi ikatoka, akaikunja, akaenda kukaa karibu na kaka yake.

Mwishoni mkubwa wetu wa kazi akasoma matokeo mbele ya watu wote. Tonto alikuwa wa mwisho. Watu walicheka, kwani yalikuwa majaribio tu. Yeye pia alicheka, lakini soda yake hakuifungua.

Tangu hapo kartie yetu, mtaa mzima, haina amani. Mama mmoja anayeuza unga wa muhogo sokoni alikuta meza yake imepewa mtu mwingine. Na yule mama, niliona kwa macho yangu, alimpigia tonto kura! Muzee jirani yetu alivunjiwa mlango na hakuibiwa kitu. Vijana wa tonto wanakaa njiani kwetu tangu asubuhi, hawasemi na mtu, wanaangalia tu nani anatoka kwa nani.

Juzi tonto alikuja kula kwetu. Alisali, akala, akasifu mboga ya sombe ya dada yake. Kisha akaniambia mbele ya wote, "Mwana wangu, siku ya kura yenyewe sitaki kushangaa. Weye uliona vidole vya batu. Jumapili hii, siku ya Mungu, misa ikiisha, utaniambia majina."

Nikamwambia kura ni siri, hata ya kujifunza. Hakukasirika. Alimgeukia bwana yangu, akamuuliza kama kazi yake inaenda vizuri.

Alipoondoka, bwana yangu aliniomba nitaje majirani wachache, wale ambao hatusikilizani nao, mambo yaishe. Hajui ya mama yake. Lakini kila siku namwona yule mama wa unga akipita na beseni kichwani, anauza mlango kwa mlango, na mdomo wangu unakuwa mzito.

Kesho yake nikamfuata mama mukwe jikoni, nikamwomba azungumze na kaka yake. Aliendelea kutwanga. Akasema bila kunitazama, "Bwana yangu alipokufa, hakukuja ku kilio. Sasa ndo anajua vile inauma." Halafu akaweka mchi chini. "Lakini mukono yangu, ni weye uliishika. Akiniuliza, nitasema ulinisukuma."

Bado tunakula sahani moja. Ananibebea mtoto, ananiita mwana wangu. Wale vijana wa njiani wameanza kunisalimia kwa jina.

Leo tonto ametuma mtu kutuambia kwamba Jumapili ameniwekea nafasi kwenye benchi lake kanisani, katikati yake na mama mukwe. Bwana yangu alishukuru. Ndugu zangu mnaosoma hapa, misa ikiisha na tonto akinigeukia, nimjibu nini?